Umbali kati ya nukta mbili: chora pembetatu kwanza

Wanafunzi wengi hukariri fomula ya umbali, kisha alama ya hasi inawaangusha. Mimi huwaambia wachore pembetatu mraba kwanza.

Chukua A(-2, 3) na B(4, -5). Kutoka A, tembea kulia hadi uwe wima juu ya B, ukihesabu hatua: 6. Kisha shuka hadi B: 8. Hizo ndizo pande mbili fupi, na umbali unaoutafuta ni ule mshazari. Kanuni ya Pythagoras inamaliza kazi: zidisha kila upande mfupi kwa wenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. 6 × 6 ni 36, 8 × 8 ni 64, jumla 100, kipeuo chake cha pili ni 10.

Ukikokotoa bila mchoro, usisahau mabano: 4 - (-2) ni 6. Anayeandika 4 - 2 anapata 2, na swali zima limeharibika. Wala usijumlishe 6 na 8 kabla ya kuzidisha kila moja kwa yenyewe.

Kabla ya kupiga mstari chini ya jibu, litazame: lazima lizidi ule mrefu kati ya pande mbili fupi, 8, na lipungue jumla ya pande zote mbili, 14. Ukipata 7 au 15, rudi kwenye alama zako.