Chungu cha umeme cha kupikia polepole: kipikie nini, na ukiache lini

Uzuri na ubaya wa chungu cha umeme cha kupikia polepole vinatoka mahali pamoja: moto wake ni mdogo na mvuke wake hautoki. Nyama ya muundi huiva vizuri ajabu humo, lakini kidari cha kuku kikikaa saa 8 hutoka kikavu hata kikiogelea kwenye mchuzi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama chombo hiki kinafaa, jiulize unataka kupika nini.

Hatua ya 1: Chagua chakula kinachostahimili

Kinachong'aa humu ni nyama ngumu: muundi, shingo, mkia, mbavu, chochote chenye kano na utando mweupe. Kano hizo ndizo zinazokuchosha taya, lakini zikikaa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 70 kwenda juu huyeyuka na kuwa ule utelezi unaonata midomoni na kuupa mchuzi uzito. Kazi hiyo haitaki haraka, na hapo ndipo chungu hiki kinapoyashinda majiko mengi. Supu ya mifupa nayo ni yake.

Samaki na tambi huvurugika, wali hutoka bokoboko, mboga za majani hupoteza rangi. Steki laini ukiitia humu umeiharibu. Hiyo ni ya kikaango na dakika chache.

Hatua ya 2: Kipime kwa maji kabla hujakiamini

Ikiwa chungu ni cha mtumba au kimelala kabatini miaka, usikikabidhi nyama moja kwa moja. Jaza maji nusu, funika, washa moto mdogo kwa saa 8. Kisha funua na uchomeke kipimajoto cha jikoni papo hapo, bila kukoroga, maana joto huanza kushuka kifuniko kinapoondoka tu. Unatafuta nyuzi 85 hadi 93. Chini ya hapo chungu hakina nguvu tena, na nyama itakawia mno kati ya nyuzi 5 na 60, ambako bakteria huzaliana kwa kasi. Ikizidi 93, chungu ni kikali: kitumie, ila punguza saa.

Kwa sababu hiyo hiyo, nyama iliyoganda iyeyushe kwanza kwenye friji.

Hatua ya 3: Maharage yachemke jikoni kwanza

Hapa sitanii. Maharage mekundu yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini. Maji yanayochemka kwa nguvu huiharibu, lakini joto la nyuzi 80 hivi linaweza kuyafanya maharage yawe na sumu kali kuliko yakiwa mabichi, na chungu kinachopasha polepole kinaweza kukwama hapo hapo. Punje nne au tano tu zinatosha kumtapisha mtu, kwa kawaida ndani ya saa 1 hadi 3.

Yaloweke angalau saa 5, mwaga maji hayo, tia mapya, kisha yachemshe kwenye jiko la kawaida. Dakika 10 za kuchemka kweli kweli ndicho kiwango cha chini. Mimi huyaacha 30. Hapo ndipo yaingie chunguni. Nyanya, limau na siki zisubiri mpaka yalainike, kwa kuwa uchachu huyafanya yagome kuiva.

Kinachochekesha ni kwamba chombo hiki kilianza kuuzwa kama cha maharage. Irving Naxon wa Chicago, aliyepata hataza yake mwaka 1940, alikiita Naxon Beanery. Kampuni ya Rival iliinunua kampuni yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot.

Hatua ya 4: Kaanga nyama

Wanaokiuza husema tupia vyote, funika, nenda zako. Inawezekana, ila utakula chakula chenye rangi ya mvuke. Ile rangi ya kahawia na harufu ya nyama iliyokaangwa huhitaji joto la nyuzi 140 hivi, na penye maji mengi joto halifiki huko.

Kwa hiyo kausha vipande kwa karatasi ya jikoni, pasha kikaango mpaka mafuta yatiririke kama maji, na upange vipande bila kuvisonga. Sikiliza: sauti ikiwa kali na kavu, mambo ni mazuri, ikigeuka kuwa ya kububujika, umejaza mno na nyama inajichemsha yenyewe. Usikigeuze kipande kinachong'ang'ania. Kikiwa tayari kitaachia chenyewe. Ukimaliza, kaanga vitunguu humo humo, tia maji kidogo, kwangua yale magando meusi meusi kwa mwiko na uyamimine yote chunguni. Ndiyo, umeongeza chombo cha kuosha. Hii ni hasara halisi, na kwangu inalipa.

Hatua ya 5: Panga na upime maji

Viazi na karoti viwe chini na pembeni, karibu na moto, vimekatwa vidogo. Nyama ikae juu yake. Inaonekana kinyume, lakini humu mizizi huchelewa kulainika kuliko nyama. Chungu kijae nusu hadi theluthi mbili.

Maji hayakauki, kwa hiyo pishi ambalo jikoni ungelitilia lita 1, anza na nusu lita au zaidi kidogo. Nyama itatoa yake.

Hatua ya 6: Funika na uondoke

Moto mdogo na moto mkubwa huishia karibu na joto lile lile, chini kidogo ya kuchemka. Tofauti ni kasi ya kufika. Nyama ngumu ipe saa 8 kwa mdogo au 4 hadi 5 kwa mkubwa. Kila ukifunua kuchungulia, ongeza dakika 20 hadi 30.

Hatua ya 7: Malizia

Nusu saa ya mwisho ndipo krimu, maziwa au mtindi huingia, vikitangulia hukatika. Mchuzi ukiwa mwepesi, koroga kijiko cha wanga wa mahindi kwenye maji baridi, mimina, weka moto mkubwa dakika 20. Onja chumvi sasa, si mapema. Matone ya limau na majani mabichi huamsha ladha iliyolala kwa saa nyingi.

Kuhusu umeme

Chungu cha wati 200 kikiwaka saa 8 hakizidi uniti 1.6. Hiyo ni nafuu ukilinganisha na oveni ya saa nyingi, lakini presha kuka ya umeme ya wati 1,000 humaliza nyama hiyo hiyo ndani ya saa moja kwa chini ya uniti 1. Anayetaka kubana bili tu anunue presha kuka. Hiki unakilipia uhuru wa kutoka jikoni.

Umeme ukikatika ukiwa nyumbani, hamishia chakula kwenye jiko jingine mara moja. Ukirudi na kukuta ulikatika, hujui kwa muda gani, kimwage, hata kama kinaonekana kimeiva.

Kiporo kigawe kwenye vyombo vifupi kipoe haraka, kiingie friji ndani ya saa 2, na kipashwe moto kwenye jiko la kawaida. Chungu cha ndani kiache kipoe kabla ya kukitia maji baridi, la sivyo kitapasuka.