Matairi makubwa kwa pikapu inayovuta trela: anza na kilo, ukubwa ufuate

Pikapu yangu huvuta trela la tani 2 karibu kila wiki, na mpaka sasa nimeshaifunga matairi ya saizi tatu. Ilitoka kiwandani na 265/65R17. Nikapanda hadi 285/70R17 kwa sababu yalijaza madgadi vizuri na gari likasimama juu. Likiwa tupu, raha tupu. Siku nilipofunga trela, mlima niliokuwa naupanda kwa gia ya 4 ukaanza kuitesa giaboksi: inaingia ya 3, inarudi ya 4, inaingia ya 3 tena, na mshale wa joto unapanda. Kuteremka upande wa pili ndiko kulikonitisha zaidi. Injini haikulizuia gari kama zamani, breki zikaanza kunuka.

Chukua kalamu, hesabu yenyewe ni fupi. Kwenye 265/65R17, 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na 17 ni inchi za rimu. Zidisha 265 kwa 0.65, kisha mara 2 kwa sababu ubavu uko juu na chini, halafu ongeza rimu, 17 mara 25.4. Unapata kipenyo cha kama milimita 776. Yale yangu ya 285/70R17 yanafika 831, yaani zaidi kwa asilimia 7. Hapo difu ya 3.9, yaani shafti inazunguka mara 3.9 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, inafanya kazi kama ya 3.64. Nguvu ya kuvuta imepungua bila kugusa injini, breki nazo zinapambana na gurudumu refu na zito zaidi. Hata spidi inadanganya: dashibodi ikisoma 100, unakwenda kama 107.

Kwa anayevuta mzigo, mimi nasema usiongeze kipenyo cha tairi kwa zaidi ya asilimia 3 au 4. Nilirudi 265/70R17, milimita 803, na giaboksi ikatulia. Gari lilipanda milimita 13 tu kutoka chini, na kwangu zinatosha kabisa.

Lakini saizi ni nusu ya kazi. Kabla hujalipia, chuchumaa usome ubavu wa tairi. Baada ya saizi kuna namba ya mzigo: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni 1,250, 121 ni 1,450. Ukiona 121/118, ya kwanza ni kwa gurudumu moja kila upande, ya pili ni kwa ekseli yenye magurudumu pacha. Matairi mawili yanaweza kuwa na saizi ileile na meno yanayofanana, moja likabeba kilo mia kadhaa zaidi ya jingine. Herufi LT mbele ya saizi zina maana limetengenezwa kwa magari ya mizigo. Tafuta pia herufi ya uimara: C, D au E, E likiwa ndilo gumu kati ya hayo.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Trela la kilo 2,000 lililopangwa vizuri hukandamiza ndoano kwa kama kilo 200. Ndoano iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo inafanya kazi kama mtaimbo. Ikiwa ni mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli mbili kuna mita 3, magurudumu ya nyuma yanapokea kilo 280 huku ya mbele yakipunguziwa 80. Hapo bado hujaweka kitu kwenye bodi. Soma kibao cha mlangoni kinachotaja uzito wa juu wa ekseli ya nyuma, gawa kwa 2, kisha nunua tairi linalozidi hapo kwa nafasi ya kutosha.

Upepo ndipo wengi wanapokosea. Tairi la LT daraja E hubeba mzigo wake kamili likiwa na psi 80. Ukilijaza 35 ulizozizoea, umenunua uimara usioutumia, na ubavu unaojikunja chini ya mzigo huchemka mpaka tairi linapasuka. Tumia jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa uzito ulio nao, na hakikisha rimu nayo inaruhusu upepo huo. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi.

Tarehe ya kutengenezwa nayo: tarakimu 4 za mwisho kwenye msimbo unaoanza na DOT ubavuni mwa tairi. 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023.

Yakishafungwa, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, uone kama yanagusa madgadi. Funga trela lenye mzigo kwenye sakafu tambarare, ulitazame kwa ubavu. Kama pua yake imeinuka, shusha ndoano, maana trela lililoinua pua huyumba barabarani. Spea iwe saizi hiyohiyo. Na baada ya kilomita 80 hivi, simama ukaze nati zote upya.