Jinsi ya Kulinganisha Pato la Kongo Mwaka kwa Mwaka
Anza na pato la taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma za mwisho zilizozalishwa nchini kwa mwaka, kisha ondoa athari ya kupanda kwa bei: mfuko wa unga wa mahindi ukipanda Lubumbashi kutoka franki 30,000 hadi 45,000, thamani imeongezeka kwa nusu bila hata kilo moja kuzidi. Kwa hiyo, hesabu miaka yote kwa bei za mwaka mmoja wa msingi, yaani mwaka unaouchagua kuwa kipimo. Ukivuka 1998 kurudi nyuma, kumbuka kwamba franki moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000, sarafu iliyotumika kabla yake. Mwishowe gawanya kwa idadi ya watu, ambayo ndiyo tarakimu dhaifu kuliko zote, kwani sensa ya mwisho ilifanyika 1984.