Laptopu, simu au PlayStation? Namna ya kuchagua chombo cha kuchezea RPG za zamani ukiwa Unguja au Pemba

Wengi wanaotaka kucheza Baldur's Gate au Fallout huanza kwa kuulizia bei ya mashine. Huko ni kuanzia mwisho. Gemu ndiyo inayoamua mashine, na kwetu visiwani yanaongezeka mambo mawili: umeme na bando. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye bajeti ya kawaida anayetaka RPG (gemu za hadithi ambamo unaongoza na kukuza mhusika) za kompyuta za tangu miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jawabu langu nalitoa mapema: nunua laptopu iliyotumika pamoja na kipanya cha waya. Simu inashika nafasi ya pili, na kwa gemu chache ni nzuri kwelikweli. PlayStation na wenzake ni wa mwisho.

Hatua ya 1: Ijue gemu yako ni ya kundi gani

Kundi la kwanza ni gemu za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows: Ultima IV (1985), Pool of Radiance na Wasteland (zote 1988), Ultima VII (1992), Daggerfall (1996). Windows ya 64-bit, iliyo kwenye kompyuta za leo, haiwezi kabisa kuendesha programu za 16-bit za zama zile, kwa hiyo hata kompyuta iwe mpya vipi, gemu hizi kwa kawaida zinahitaji DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta yako.

Kundi la pili ni za Windows 95 na 98 na zilizofuata: Fallout (1997), Baldur's Gate (1998), Planescape: Torment (1999), Icewind Dale (2000), Arcanum (2001), Morrowind (2002). Nyingi zinakwenda kwenye Windows ya leo ukizirekebisha kidogo.

Kundi la tatu ni gemu hizohizo zilizofanyiwa ukarabati na kampuni ya Beamdog: Baldur's Gate: Enhanced Edition (2012), ya pili yake (2013), Icewind Dale (2014) na Planescape: Torment (2017). Hizi zipo mpaka kwenye simu.

Andika majina ya gemu tano unazozitaka. Zikiwa zote za kundi la tatu, na tableti ya inchi 10 unayo nyumbani, ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 6. Huna haja ya kununua kitu.

Hatua ya 2: Laptopu

Usitafute ya nguvu. RAM ya GB 8 inatosha na kubaki, diski iwe SSD hata ya GB 256, na kadi ya picha yoyote iliyomo ndani inafaa. Pesa yako iweke kwenye betri. Umeme wa Unguja na wa Pemba wote unatoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na RPG ya zamani haijisevu yenyewe kila dakika kama gemu za sasa. Ukikatika umeme au Tukuza (umeme wa kulipia kabla) ikaisha katikati ya pango, na betri imekufa, umepoteza kila ulichofanya tangu uliposevu mara ya mwisho.

Kabla hujalipa, fungua dirisha la amri la Windows, andika `powercfg /batteryreport`, kisha ufungue faili linalotengenezwa. Linganisha namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ikiwa ya pili iko chini ya asilimia 60 ya ya kwanza, dai punguzo la bei ya betri mpya au ondoka. Maduka ya Darajani na Michenzani yanakubali ukaguzi huu; anayekukatalia ana sababu. Kama unaagiza kutoka Kariakoo, mwambie muuzaji akupigie picha ya ripoti hiyo kabla mzigo haujapanda boti.

Chaguo langu ni ThinkPad T440 au T450, au ndogo zake X240 na X250. Zina betri mbili, moja ndani na moja ya nyuma inayochomoka, hivyo unaweza kubadilisha ile ya nyuma bila kuzima mashine. Upungufu wake ni kukosa vitufe vya namba upande wa kulia, na gemu za familia ya Pool of Radiance huvitumia kwenda mshazari wakati wa vita. Kuna kibodi ndogo za namba za USB, nunua moja.

MacBook siipendekezi kwa kazi hii. Tangu toleo la Catalina la mwaka 2019, mfumo wake umeacha kuendesha programu za 32-bit, na RPG za zamani karibu zote ni za namna hiyo au za nyuma yake.

Kuhusu Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025. Laptopu ya gemu tu, isiyoingia mtandaoni, itaendelea bila taabu. Ukitaka kuitumia kwa benki na barua pepe pia, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. DOSBox ipo huko, na gemu za Windows zinapita kwa Wine, programu inayoziendesha ndani ya Linux.

Hatua ya 3: Zipate gemu zenyewe

Nunua GOG, duka la gemu la mtandaoni. Unapakua faili la kusakinisha, unalihifadhi, na baada ya hapo hulazimiki tena kuwa na intaneti. Steam ni duka zuri, lakini gemu nyingi zake hutaka programu yake iwe wazi na uwe umeshaingia kwenye akaunti, na bando likiisha vibaya hilo linakuwa tatizo. Malipo yanapita kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya huduma ya pesa ya simu.

Baldur's Gate ya 1998 ilikuja na CD tano, kwa hiyo tegemea GB kadhaa. Pakua kwa bando la usiku. Fallout ilikuja na CD moja. Ultima IV ni MB chache na GOG wanaitoa bure, nayo Daggerfall ilishatolewa bure na wenyewe Bethesda, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia kabla hujatoa hata shilingi. Ukimgawia rafiki mafaili ya gemu za bure kwa flashi, ifomati iwe exFAT, maana FAT32 haipokei faili lililozidi GB 4.

CD za asili ziache. Unyevu na chumvi ya hewa yetu huziharibu, na hata zikiwa safi, zile zenye SafeDisc, ulinzi wa kuzuia kunakili, hazifunguki kwenye Windows 10 kwa sababu Microsoft wameuondoa.

Hatua ya 4: Sakinisha, lakini si ndani ya Program Files

Tengeneza folda `C:\Gemu` na weka kila kitu humo. Ndani ya Program Files, Windows huzuia gemu ya zamani isiandike, kisha kimyakimya inazipeleka sevu zako kwenye folda iliyofichika iitwayo VirtualStore. Siku ukizitafuta huzioni.

Hatua ya 5: Mwendo wa DOSBox

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kusema gemu ni mbovu, kwa hiyo soma taratibu.

Gemu nyingi za miaka ya 1980 hazikupima muda kwa saa. Zilikwenda kwa kasi ya mashine ya wakati ule. Ukiiendesha kwa kasi ya leo, ujumbe wa vita unapita kabla hujausoma, na ukigusa kitufe mara moja mhusika anatembea hatua sita. Ikienda polepole mno, kipanya kinaburuta na sauti inakatika. DOSBox inaurekebisha mwendo huo kwa kipimo kinachoitwa `cycles`: idadi ya amri inazotekeleza katika kila sehemu ya elfu moja ya sekunde.

Isipoambiwa kitu, DOSBox huwa kwenye `auto`, yaani 3000 kwa gemu za kale, na kasi yote ya kompyuta kwa zile zinazotumia hali mpya ya prosesa. Hiyo 3000 ni nyingi kwa gemu ya 1985 na ni kidogo kwa ya 1992. Namba za kuanzia ni hizi: kompyuta ya 8088 ni kama 300, 286 ni kama 1500, 386 ya MHz 33 ni kama 6000, 486 ya MHz 66 ni kama 25000, Pentium za mwanzo ni 50000 kwenda juu. Tazama mwaka wa gemu, kisia mashine iliyokuwa nzuri mwaka ule, kisha anzia hapo. Pool of Radiance nianzishie 1500. Ultima Underworld ya 1992 nianzishie 20000.

Gemu ikiwa wazi, Ctrl+F12 huongeza na Ctrl+F11 hupunguza. Kwenye laptopu nyingi lazima ushike na Fn. Namba inaonekana juu ya dirisha, si kwenye skrini nzima, kwa hiyo bonyeza Alt+Enter kwanza ili uione. Na jihadhari sana na vitufe viwili vilivyokaa jirani: Ctrl+F10 kinaachia kipanya kitoke kwenye gemu, lakini Ctrl+F9 kinaiua DOSBox papo hapo bila kuuliza. Sevu kabla hujagusa vitufe hivyo.

Ulichobadilisha kwa vitufe hakihifadhiwi. Ukipata namba inayokaa sawa, iandike kwenye faili la mipangilio:

```
[cpu]
cycles=fixed 1500

[render]
aspect=true
```

Huo mstari wa `aspect` unairudisha picha kwenye umbo lake, kwani gemu za DOS zilichorwa kwa skrini za 4:3 na bila hivyo watu wanaonekana wamebanwa.

Sasa mtego wenyewe. Gemu za DOS kutoka GOG huja na DOSBox yake ndani ya folda ya gemu, na faili lake la mipangilio limo humohumo. Ukihariri lile la DOSBox uliyoisakinisha mwenyewe, gemu haibadiliki hata chembe, na unaweza kukesha ukijaribu namba moja baada ya nyingine. Ingia ndani ya folda ya gemu utafute mafaili yanayoishia `.conf`. Kwa kawaida ni mawili: moja lina neno `single` kwenye jina, nalo lina amri za kuanzishia gemu tu, mipangilio ya `[cpu]` imo kwenye lile jingine. Hilo ndilo la kuhariri. Nakili kwanza kabla ya kuligusa.

Tena kuna suala la betri. Ukichomoa chaja, Windows hupunguza kasi ya prosesa. Gemu iliyowekwa `cycles=max` itabadilika mwendo palepale umeme unapokatika: ilikuwa laini, sasa inakwaruza sauti. Ndiyo maana nasisitiza `fixed`, na namba uipime chaja ikiwa imechomolewa. Inayokwenda vizuri kwenye betri itakwenda vilevile kwenye umeme. Ukisikia sauti inapasuka, usiongeze cycles ukidhani gemu inahitaji nguvu. Mara nyingi umeshapita uwezo wa laptopu, kwa hiyo punguza kwa Ctrl+F11 hadi sauti itulie.

Gemu mbili usihangaike nazo kwa DOSBox kabisa. Ultima VII ina namna yake ya ajabu ya kushika kumbukumbu; tumia programu ya Exult, unayoipa mafaili ya gemu yako. Daggerfall itumie Daggerfall Unity, toleo lililojengwa upya la gemu hiyo.

Gemu za kundi la pili zina tatizo moja kubwa, rangi kugeuka za ajabu kwa zile za rangi 256. Weka cnc-ddraw, programu ndogo ya kurekebisha picha, kwenye folda ya gemu, kando ya faili la kuanzishia.

Hatua ya 6: Simu na tableti

Kwa Android nazikubali njia tatu. Ya kwanza ni Enhanced Edition za Beamdog, lakini kwenye tableti. Maandishi ya Planescape: Torment kwenye simu ya inchi 6 yanaumiza macho, na gemu ile ni ya kusoma mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni ScummVM, programu ya kuendeshea gemu za zamani, khasa kwa Eye of the Beholder.

Ya tatu ni Fallout Community Edition, programu inayoendesha Fallout ya kwanza na ya pili kwenye simu. Kutoka kwenye gemu yako ya Windows nakili `master.dat`, `critter.dat` na folda ya `data`, na `patch000.dat` kama ipo. Badilisha majina yote, pamoja na yaliyo ndani ya folda, yawe herufi ndogo. Windows haijali herufi kubwa wala ndogo, Android inajali, na faili moja likibaki `MASTER.DAT` gemu haifunguki. Kisha fungua programu, ichagulie folda hiyo, na subiri imalize kunakili. Ukiunganisha kipanya kwa waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, raha inaongezeka.

Hata ukiwa na laptopu, simu iweke karibu. Pool of Radiance hukwambia usome kifungu fulani cha jarida lake, na jarida lile ni faili la PDF linalokuja na gemu. Lifungue kwenye simu, laptopu ibaki na gemu. Kwa gemu za mwanzo za Wizardry, tafuta daftari la hesabu la miraba, lile la skuli: kila ghorofa ni miraba 20 kwa 20, na anayejichorea ramani anaijua gemu kuliko anayeipata imechorwa.

PlayStation, Xbox na Switch zilipata gemu za Beamdog mwaka 2019, na zinachezeka. Ila gemu hizi zilitengenezwa kwa kipanya na kitufe cha nafasi cha kusimamisha vita, zinahitaji televisheni na umeme, na gemu za DOS hazipo humo isipokuwa chache.

Hatua ya 7: Nakala za sevu

Funga gemu kwanza. Sevu za Fallout zimo `data\savegame` ndani ya folda ya gemu. Za Baldur's Gate ya zamani zimo kwenye folda ya `save` palepale ilipo gemu. Za Enhanced Edition zimo kwenye Documents, chini ya jina la gemu. Nakili folda nzima kwenye flashi, si faili mojamoja, kwa sababu sevu moja huwa ni mafaili kadhaa yanayotegemeana. Ndani ya gemu nako tumia nafasi tatu kwa zamu, maana umeme ukikatika sevu inapoandikwa, ile ndiyo inayoharibika, na mbili za nyuma yake zinabaki salama.