Kisu Kimenolewa na Bado Hakikati? Tafuta Kosa Kwenye Pembe

Juzi mama mboga mmoja wa Kariobangi aliniletea kisu anachokatia sukuma wiki. "Fundi, nimekinoa nusu saa nzima na bado kinararua majani," akaniambia. Nilikigeuza kwenye mwanga nikaona kazi yake yote: mikwaruzo imepangana vizuri, lakini imekomea kama milimita moja kabla ya kufika makalini. Jiwe halikuwa limegusa makali hata kidogo. Bidii alikuwa nayo, pembe ndiyo iliyomponyoka, na visu vingi vinavyofika mezani kwangu vina ugonjwa huohuo.

Hatua ya 1: Paka wino

Chukua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia katoni, upake ukanda mwembamba kandokando ya makali, pande zote mbili. Pitisha kisu kwenye jiwe mara tatu au nne tu, kisha utazame. Wino ukibaki makalini na kufutika juu zaidi, kuelekea mgongoni, umelaza kisu mno. Ukifutika makalini peke yake na juu ukabaki, umekiinua mno. Ukifutika hapa na pale, mkono wako unayumba. Mimi nimenoa miaka mingi na bado napaka wino kwa kila kisu kigeni, kwa sababu jicho hudanganya na wino haudanganyi.

Hatua ya 2: Chagua pembe kulingana na kazi

Kisu cha kawaida cha jikoni kinataka digrii 20 hivi kila upande. Visu vyembamba vya Kijapani, ambavyo chuma chake ni kigumu zaidi, huenda digrii 15. Panga, au kisu kinachogonga mifupa kule soko la nyama la Burma, Nairobi, kipe 25 hadi 30. Ukikinoa chembamba zaidi kitakata kama wembe asubuhi, na kabla ya saa sita makali yamejikunja au yamemeguka.

Huhitaji kifaa cha kupimia. Pima upana wa bapa, kutoka mgongo hadi makali. Mgongo ukiinuka kutoka kwenye jiwe kwa theluthi moja ya upana huo, uko karibu na digrii 20. Ukiinuka kwa robo, uko karibu na 15. Bapa la milimita 45, kwa mfano, liinue mgongo milimita 15. Kata kipande cha mti chenye kimo hicho, ukiweke kando ya jiwe, na ulinganishe kila unapoanza.

Hatua ya 3: Kagua jiwe

Jiwe lililobonyea katikati hubadilisha pembe kila kisu kinapolipita, hata mkono ukitulia vipi. Chora mistari ya penseli juu yake, kisha ulisugue kwenye msasa usioharibika kwa maji, uliolazwa juu ya kioo, ukimwagia maji, mpaka mistari yote ifutike. Jiwe la kutumia maji usilitie mafuta.

Hatua ya 4: Noa upande mmoja mpaka unyuzi utokee

Hapa ndipo watu hukata tamaa mapema. Anza na upande wa jiwe unaokwaruza zaidi kama kisu ni butu sana. Kama sivyo, jiwe la namba 1000 linatosha (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi). Kaza kifundo cha mkono, mwendo utoke begani. Vidole viwili vya mkono wa pili vikandamize bapa pale hasa unaponoa. Ukifika sehemu iliyopinda kuelekea nchani, inua mpini kidogo kidogo, la sivyo ncha itabaki butu.

Endelea upande huohuo mpaka uhisi unyuzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Upapase kwa kidole gumba kutoka mgongoni kwenda nje. Usipitishe kidole kufuata urefu wa makali, kitakukata. Unyuzi usipopatikana kuanzia mpinini hadi nchani, hujamaliza, hata kama umechoka. Ukipatikana wote, ndipo ugeuze kisu na ufanye vivyo hivyo.

Hatua ya 5: Uondoe unyuzi

Kisu kinachokata vizuri kwa saa moja kisha kikafa ghafla kwa kawaida kina unyuzi uliobaki. Ulikuwa unakata kwa ule uzi, si kwa makali. Punguza nguvu mpaka uzito wa kisu pekee ndio uliobaki, ubadilishe upande kila pito, kisha uhamie jiwe laini, namba 3000 au zaidi. Malizia kwa mkanda wa ngozi, ukivuta kisu mgongo ukitangulia. Huna ngozi? Gazeti lililolazwa juu ya jiwe linafaa.

Jambo jingine: ukipeleka kisu kwenye mashine inayozunguka kasi, sisitiza kichovywe majini mara kwa mara. Makali yakigeuka buluu, chuma kimepoteza ugumu, na sehemu hiyo lazima isagwe yote iishe.

Hatua ya 6: Jaribu

Elekeza makali juu, chini ya taa. Pale panapometa ni butu, rudi papo hapo. Kisha jaribu nyanya iliyoiva bila kukandamiza. Kile kisu cha mama mboga kilinichukua dakika 15. Aliviringisha majani yake mkononi, akayakata kama nyuzi, kisha akakifunga kwa gazeti na kukitia kikapuni.