Kabla ya Kuamini Kwamba Protini Yako Huamsha Kinga ya Asili
Mwanafunzi wa uzamivu anayechunguza kinga ya asili, yaani ile tunayozaliwa nayo, na aanze kwa kuishuku protini yake mwenyewe. Protini iliyotengenezwa ndani ya bakteria wa E. coli mara nyingi hubeba mabaki ya endotoksini, yaani sumu ya ukuta wa bakteria hao, ambayo huamsha makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) kupitia kipokezi chao kiitwacho TLR4, kama ilivyobainika mwaka 1998, na hivyo kuzaa matokeo ya kuvutia lakini ya uongo. Chemsha sehemu ya sampuli: protini nyingi huharibika, ilhali endotoksini hustahimili joto hilo, kwa hiyo mwitiko ukibaki vilevile, uchafu ndio mshukiwa. Kisha rudia jaribio kwa seli zisizo na TLR4, njia ninayoiamini zaidi: mwitiko ukitoweka humo, shuku endotoksini. Tena, panya huvumilia endotoksini zaidi kuliko binadamu, hivyo seli zao pekee hazitoshi. Thibitisha pia kwa seli za binadamu.