Pesa ya korosho kabla haijawa hisa

Malipo ya mnada wa korosho yakishaingia, Newala, Masasi na Ruangwa watu huulizana pesa iwekwe wapi, na wengine hutaja Soko la Hisa la Dar es Salaam. Si wazo baya. Ila katika soko changa, bei kushuka ni nusu tu ya hatari. Nusu nzito zaidi ni kutaka kuuza ukakosa mnunuzi.

Kwa hiyo usianze na bei, anza na mauzo. Chukua taarifa za siku 60 za soko, andika hisa za kampuni unayoitaka zilizouzwa kila siku, zipange kuanzia idadi ndogo hadi kubwa, kisha soma ya katikati. Wastani hudanganya: muamala mmoja wa mfuko mkubwa wa uwekezaji huupandisha, ukadhani wanunuzi wapo kila siku. Tuseme ya katikati ni hisa 400, nawe unataka kuuza 2,000. Ili usiiangushe bei mwenyewe, uza robo ya mauzo ya siku, yaani hisa 100. Utahitaji siku 20 za soko, karibu mwezi mzima, na ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, haukusubiri. Pesa ya salfa ya kuupulizia na ya ada ya shule ya Januari isiguse hisa kabisa.

Bei unayoiona kwenye simu huenda ni ya wiki mbili zilizopita. Muulize dalali wa hisa oda za kununua zilizopo leo: bei gani, hisa ngapi. Kama wanunuzi wanatoa 480 na wauzaji wanataka 520, ukinunua sasa hivi kwa 520 tayari umepoteza 40 kwa kila hisa, maana ukiuza papo hapo utapata 480. Weka oda yenye kikomo cha bei, usiseme “bei yoyote”.

Uhaba huo wa mauzo una chanzo. Twiga Cement, kwa mfano, karibu asilimia 69 ni ya kampuni ya Ujerumani, Heidelberg Materials, na hisa hizo haziingii sokoni. Angalia wanahisa wakubwa kwenye ripoti ya mwaka. (Dangote ana kiwanda Mtwara, lakini hisa za Dangote Cement zinauzwa Lagos.)

Kuna pia mkono wa serikali. Machi 2017 usafirishaji wa makinikia (mchanga wenye madini) nje ulipigwa marufuku, na hisa ya kampuni ya dhahabu ya Acacia, iliyokuwa imeorodheshwa wakati huo London na Dar es Salaam, ikaporomoka. Uliza: kampuni hii inaishi kwa kibali gani, na kikizuiwa itabaki na mapato gani?

Hisa za Kenya kama za benki ya KCB zinaongeza hatari ya sarafu, maana gawio (sehemu ya faida anayolipwa mwanahisa) linahesabiwa kwa shilingi ya Kenya.

Mwisho, gharama. Dalali na ada zikifika asilimia 2 kila upande, bei ipande zaidi kidogo ya asilimia 4 ndipo urudishe mtaji. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla halijakufikia.